Kiraka Chini ya Bawa la Kushoto

Enzi zetu, ndege ikipita juu ya Kanyakine hakuna kazi iliyoendelea. Mwalimu angeweza kuwa ameshika chaki katikati ya hesabu za sehemu, lakini sauti ile ikisikika kutoka upande wa mlima, darasa zima lilikuwa nje limeinua nyuso. Tuliipungia mikono na kuiagiza vitu: mkate, viatu, sketi yenye marinda. Mimi niliwahi kuiagiza ng'ombe wa maziwa, na hakuna aliyeniuliza angeshukaje. Leo binti yangu Wawira hainui hata shingo. Ndege inapita, yeye ameinamia simu, na nikimwambia atazame ananiuliza, "Kwani imefanya nini?"

Wewe uliyesoma Imenti Kusini miaka ile ya tisini hutahitaji kuelezwa baridi ya Julai. Tulipita katikati ya mikahawa umande ukituloanisha hadi kiunoni, tumbo likiwa na uji wa wimbi uliochacha kidogo, na tukifika shuleni magoti yalikuwa meupe kwa baridi hata ungedhani tumepakwa majivu. Siku za maziwa ya shule tulikunywa zile pakiti za pembe tatu, kisha tukazipuliza na kuzikanyaga zipasuke. Wakati wa mapumziko wasichana tulicheza kati, mchezo wa kumlenga aliye katikati, kwa mpira wa makaratasi uliofungwa kamba za mkonge, na ukikupata mgongoni ulijua umepigwa. Ukiongea Kimeru ulivishwa kibao cha mbao shingoni mpaka umkamate mwingine akikosea. Mimi nilikivaa mara nyingi kuliko wenzangu, kwa sababu hasira yangu haikujua Kiingereza.

Baba yangu alikuwa fundi wa mabati. Karakana yake ilikuwa kibanda cha mbao kando ya barabara, karibu na soko, na sauti ya nyundo yake ndiyo iliyokuwa saa yetu. Alitengeneza matangi ya maji ya mvua, mifereji ya paa, ndoo, makarai na vyombo vya kulishia kuku. Watu walimletea sufuria zilizotoboka ambazo fundi mwingine angezitupa, naye alizirudisha zikiwa zimezibwa vizuri hivi kwamba mwenyewe alilazimika kutafuta tundu lilikuwa wapi.

Alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Akimaliza kiungo cha bati kwa bati, hakukitazama. Alifumba macho, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu yake polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukucha ukikwama mahali, kazi ilirudi mezani. Haikujalisha kwamba mteja alikuwa amesimama pale na punda wake tayari kubeba. Nilipokuwa na miaka minane hivi alianza kuniita mimi nipime, kwa kuwa ukucha wake ulikuwa umeliwa na kazi na wangu ulikuwa bado mkali. Nilifumba macho kama yeye. Nikisema umekwama, hakubishana nami, alichukua nyundo. Mbele ya wateja aliniita kipimo chake, na ninakuambia ukweli, tangu siku hizo hakuna cheo nilichopewa na mtu kikanifurahisha namna ile.

Kabla sijazaliwa Baba alikuwa amefanya kazi Nanyuki, kwenye karakana ya ndege za jeshi. Hakuwa rubani wala hakujidai. Kazi yake ilikuwa ileile ya bati, isipokuwa bati lenyewe lilikuwa la ndege. Kati ya mambo yote ya Nanyuki alipenda kusimulia moja tu. Ndege ya kivita, zile jeti za mwanzo mwanzo, ilikuwa inatua, gurudumu likarusha jiwe, jiwe likatoboa bati chini ya bawa la kushoto. Baba ndiye aliyepewa kuziba. Alikata kiraka cha ukubwa wa kiganja, akakizungusha pembe zote, kwa maana pembe kali, alisema, ndipo mpasuko huanzia. Kisha akakishika kwa ribiti ishirini na nne, vile vimisumari vifupi vinavyogongwa huku na huku, katika safu mbili. Vichwa vyake alivizamisha vikalala sawa na bati, ili upepo usipate pa kushika.

Halafu ikaja sehemu ambayo mtu mwingine angeificha. Alipokuwa akitoboa, keekee iliteleza ikatoboa shimo moja nje ya safu, upande wa mkia. Ikabidi atie ribiti ya ishirini na tano kuliziba. Mkubwa wake alimfokea, kisha akapima kiraka chote na kukipitisha. Baba alisema kwenye tangi ukikosea maji yatavuja, mwenye tangi atakuja akuite urudie, lakini kwenye bawa hakuna wa kurudi kukuita. Alikumbuka nambari iliyoandikwa mkiani mwa ndege hiyo, na alikuwa ameiandika kwa rangi nyeupe ndani ya mlango wa karakana yake.

Kijiji kilimwamini nusu. Wateja walimpa jina la Fundi wa Ndege, na wengi walilitamka huku wamekunja mdomo. Mtu wa vyombo vya kuku, walisema, na jeti wapi na wapi. Baba alicheka nao. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimepigana mara mbili kwa ajili ya ndege ile, na mara zote mbili na Muthomi, mvulana wa darasa letu ambaye baba yake alikuwa dereva wa lori na kwa hiyo alidhani yeye ndiye mwenye habari zote za dunia.

Nilipokuwa darasa la sita, mwalimu wetu wa sayansi, Mwalimu Nyaga, alirudi kutoka kwao Embu na habari. Chuo kimoja cha ufundi huko kilikuwa kimepewa ndege ya zamani ya kivita, iliyostaafishwa miaka mingi. Ilikuwa imesimamishwa uani juu ya saruji, imehifadhiwa ili watu wajifunze. Alituchorea ubaoni. Ilikuwa jeti isiyo na pangaboi, alisema, mabawa yake yameelekezwa nyuma, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kunakili kila kitu, aliandika mpaka nambari ya mkiani. Nilisimama kabla hajaweka chaki chini. Nikasema hiyo ni ndege ya Baba.

Unaweza kufikiria darasa lilivyocheka. Muthomi alilala juu ya dawati. Mwalimu Nyaga hakucheka. Alinipa nafasi nieleze habari ya jiwe, kiraka na ribiti ishirini na tano, kisha akasema darasa la sita lingeenda Embu siku ya maonyesho ya chuo, na Kendi, yaani mimi, ndiye angetuonyesha kiraka hicho.

Jioni hiyo nilimkimbilia Baba karakanani. Aliniuliza nambari mara mbili. Akaweka nyundo chini, jambo ambalo hakufanya kabla ya giza, akaokota kipande cha bati na msumari, akanichorea: shimo la gurudumu, pale linapokunjwa ndege ikipaa, hatua mbili kuelekea ncha ya bawa, kiraka, na ile ribiti ya makosa. Alirudia kwamba ni chini, siyo juu, na ni la kushoto. Nilimwomba twende pamoja. Akasema ana tangi la kanisa la kumaliza. Sasa ninajua kwamba hakutaka kwenda kusimama mbele ya watu akinyooshea kazi yake kidole. Kwake, mtu wa kufanya hivyo alikuwa mimi.

Tulisafiri kwa lori la kubebea majani chai, limefagiliwa lakini bado linanuka chai mbichi. Mama alinifungia ndizi za kuchemsha na mukimo kwenye kitambaa, na chai katika chupa iliyozibwa kwa gunzi la hindi. Tuliimba tangu Nkubu, tukanyamaza kwenye mteremko wa Nithi ambapo hata Muthomi alimkumbuka Mungu, tukaanza tena Chuka. Kipande cha bati nilikuwa nimekiweka ndani ya soksi, na kilinikwaruza njia nzima.

Ndege ilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia. Tumbo lake lilikuwa chini, ungeweza kuligusa, na pua yake ilitutazama moja kwa moja tulipoingia getini. Lakini mabawa! Yaliondoka mwilini manene, yakazidi kuwa membamba kadiri yalivyokwenda, yote mawili yamelala nyuma. Nilisimama mbele ya pua nikiitazama. Nikainua mkono wangu wa kushoto ili nisikosee, na nikaelekea kwenye bawa lililokuwa upande wa mkono huo.

Mpaka leo ninaweza kukuchorea bawa lile. Ukingo wa mbele ulikuwa mviringo, laini, na baridi ingawa jua lilikuwa limetoka. Ukielekea nje, mahali fulani ukingo ule ulisogea mbele ghafla, kama hatua ya ngazi. Mwalimu Nyaga alituambia jino lile halikuwa kosa, liliwekwa makusudi kuupanga upepo usiteleze ovyo. Nyuma ya bawa kulikuwa na kipande kilichoning'inia chini, na ndani yake ungeona mbavu za bati zilizotobolewa matundu makubwa ili ziwe nyepesi. Shimo la gurudumu lilipakwa rangi ya kijani, limejaa mirija na nyaya. Palikuwa na vifuniko vidogo vya skrubu, na maandishi mekundu ya Kiingereza yaliyokataza mtu kukanyaga. Kwenye ncha kabisa palikuwa na taa ndogo yenye kioo cha kijani, kijani cha chupa ya soda, na nilisimama nikiikodolea macho mpaka nikasukumwa. Na kila mahali, ribiti. Zilikwenda kwa mistari maelfu kwa maelfu, zimelala ndani ya bati. Nilijisikia kujua kitu ambacho wenzangu hawakijui. Nilifikiri, hizi zote kuna mtu alizigonga.

Nikainama, nikaingia chini. Nikahesabu hatua mbili kutoka kwenye shimo la gurudumu. Nikafumba macho nikapitisha ukucha.

Ukucha haukukwama popote. Nilifungua macho, nikatazama. Hakukuwa na kiraka. Nilitoa kile kipande cha bati nikakilinganisha, nikasogea mbele, nikarudi nyuma, nikapapasa bati lote mpaka vidole vikawa vyeusi. Wenzangu walikuwa wamechuchumaa pembeni, wananingoja. 

"Kendi," Muthomi alisema, "hiyo kiraka iko wapi? Ama ilianguka ikabaki Nanyuki?"

Upande wa pili wa ndege ulikuwa umezungushiwa kamba, kuna turubai na viti vya wageni. Sikufikiria hata kidogo kuomba niruhusiwe kuvuka. Baba alikuwa amesema la kushoto, na la kushoto nilikuwa nimelipapasa lote. Shule nyingine ilikuwa imeshapanga foleni nyuma yetu, na aliyekuwa akituongoza alituambia tusonge. Kichwa changu kiligonga bawa nikitoka. Walicheka sasa, wote. Niliwaona wakinitazama kama walivyomtazama Baba kwa miaka yote, na nikataka kwa nguvu zangu zote niwe upande wao.

"Baba alitudanganya," nilisema.

Nililisema kwa Kimeru, kwa sauti, mbele ya Mwalimu Nyaga. Hakunipa kibao. Aliniwekea mkono begani tukaenda kuangalia mashine za kukamua maziwa.

Nilipofika nyumbani nilikuta Baba amenawa na amevaa koti lake la kanisani, siku ambayo haikuwa Jumapili. Mama alikuwa amepika chapati, na wewe unajua chapati enzi zile zilikuwa za Krismasi au za mgeni kutoka Nairobi. Nilijua zilikuwa za nini. Mama akaniuliza habari za ndege, nami nikaanza kusimulia kwa kuzunguka. Nilisimulia jino la bawa, shimo lenye mirija, na ile taa nzuri ya kijani kwenye ncha, iliyokuwa juu ya kichwa changu. Baba alikuwa amemega chapati. Niliposema habari ya taa aliirudisha kwenye sahani.

"Ulikiona?" aliniuliza.

Nikamwambia hakuna kitu. Nikamwambia nilipitisha ukucha kila mahali, na nimeshawaambia wenzangu kwamba alitudanganya.

"Uliwaambia wote?"

"Wote. Na Mwalimu."

Mama alitaka kusema neno, Baba akamzuia kwa mkono. Aliangalia vidole vyake. Mimi nilikuwa nimekaza uso nikingoja ajitetee, na nilikuwa tayari kubishana naye neno kwa neno.

"Basi," alisema. "Kula, chapati zinapoa."

Hakuisimulia tena habari ya ndege. Wateja walipomtania aliinama akaendelea kugonga, na baada ya muda hata utani ukaisha. Wiki chache baadaye nilikuta ameupaka mlango wa karakana rangi ya kijivu, nje na ndani, na nambari ile haikuonekana tena. Nilijiambia kwamba ni aibu ya mwongo. Lakini jambo moja lilinichanganya. Aliendelea kuniita nipime viungo vya matangi yake. Nilifumba macho nikapitisha ukucha, na nikisema umekwama aliamini vilevile, bila kubishana. Mimi sikuwa nikimwamini, yeye aliniamini. Nilimaliza shule ya msingi tukiishi hivyo.

Miaka ikaenda kama inavyokwenda. Nilisoma, nikawa mwalimu, nikaolewa Kibugu, huku Embu kwenye majani chai, nikazaa. Chuo kile kilikuwa umbali mfupi tu kutoka kwangu, na kwa miaka yote hiyo sikukanyaga pale. Watu wakitaja ndege ya Embu niligeuza mazungumzo. Kwenda kwangu kulitokana na Wawira. Mwaka juzi, akiwa kidato cha pili, aliniambia anataka kusomea ufundi wa mitambo, na kwamba chuo kina siku ya wazi. Nikajiambia mwanamke mzima haogopi bati.

Ndege ilikuwa palepale juu ya saruji, imepakwa rangi upya. Msichana mmoja mwanafunzi, amevaa ovaroli iliyomzidi mikono, alikuwa akiwaeleza wageni sehemu za bawa. Alianza na lile jino la ukingo wa mbele, nikatabasamu kwa kuwa nililijua. Kisha akanyoosha mkono kwenye bawa lililokuwa upande wangu wa kulia, akasema hili ndilo la kushoto.

Nilidhani amekosea. Nilimwambia, kwa ile sauti ya walimu tunayoshindwa kuiacha shuleni, kwamba la kushoto ni lile pale.

"Hapana, madam," alisema kwa heshima. "Kushoto ya ndege inahesabiwa na mwenye ameketi ndani, rubani. Sisi tumesimama tukiangaliana naye, ndiyo inageuka. Na ukisahau unaangalia taa. Nyekundu ni kushoto, kijani ni kulia."

Wawira ananiambia nilishika mkono wake nikaufinya mpaka akalia. Mimi sikumbuki. Ninachokumbuka ni kwamba hakukuwa na kamba wala turubai upande ule. Kwenye ncha palikuwa na kioo chekundu. Nilipiga magoti juu ya saruji na sketi yangu nzuri, nikaingia chini ya bawa. Nikahesabu hatua mbili, na kwa kuwa hatua za mtu mzima ni ndefu nikarudi nyuma kidogo. Nikafumba macho.

Ukucha haukukwama, kwa hiyo nilikipita kiraka mara ya kwanza. Nilikipata nilipofungua macho na kuinamisha kichwa ili mwanga uje kwa ubavu. Kilikuwa cha ukubwa wa kiganja, pembe zimezungushwa, rangi imekifunika. Nilihesabu safu mbili, kumi na mbili na kumi na mbili. Na upande wa mkia, nje ya safu, peke yake, ilikuwepo ile moja ya makosa. Nilibaki pale chini nimeishika kwa kidole. Nilimwonea Baba huruma, kisha nikamwonea huruma yule mtoto mwenye kipande cha bati ndani ya soksi, kisha nikaona haya tu, haya ya miaka yote hiyo kwa mkupuo.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Kanyakine. Baba sasa ni mzee, macho yake yameingiwa na mtoto wa jicho, na karakana anafungua ili apate pa kuketi. Tulimkuta ameketi mlangoni, Mama kando yake akimenya ndizi. Nilikuwa nimepanga maneno marefu njia nzima. Yaliniishia nilipomsalimia.

"Baba," nilimwambia, "mwaka ule niliangalia bawa la kulia."

"Najua," alisema.

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu jioni ileile, niliposimulia taa ya kijani. Nanyuki, kabla hujapewa nyundo, jambo la kwanza ulilofundishwa lilikuwa taa. Nilikuwa ninalia sasa, na Wawira, ambaye hajazoea kuniona hivyo, alikuwa amejificha nyuma ya simu. Nikamuuliza Baba kwa nini hakuniambia.

"Ulikuwa umeshasema mbele ya watu," alijibu. "Ningekurudisha ukawaambie nini?"

Mama alisema, bila kuinua kichwa kwenye ndizi zake, kwamba yeye alitaka kunichapa. Baba akamwambia anyamaze. Kisha akageuza uso upande niliko, akanyoosha kidole gumba, ule ukucha uliolika, na kwa mara ya kwanza tangu nikiwa darasa la sita nikaona uso wake wa kusimulia ndege.

"Ukucha ulikwama?"

"Haukukwama, Baba."

"Hata pale pa ishirini na tano?"

"Hata hapo."

Aliitikia kwa kichwa, akamwomba Mama chai.

Wawira alikuwa amepiga picha kumi na nne za kiraka kile, akamwekea babu yake simu mkononi. Baba haoni picha. Alipitisha ukucha juu ya kioo cha simu, kutoka juu hadi chini, akamrudishia akisema ni kazi nzuri lakini haina kiungo. Ninawatania watoto wa siku hizi, vidole gumba vyao vinateleza juu ya kioo kutwa nzima bila kukutana na chochote. Lakini niseme kweli, ningekuwa na kidude kile siku ile Embu, ningekiuliza kushoto ni wapi, kingenijibu kabla Muthomi hajafungua mdomo, na chapati za Mama zingeliwa zikiwa moto. Sisi hatukuwa na cha kuuliza isipokuwa watu wetu. Mzazi akisema jambo, hakuna picha wala karatasi, kuna neno lake tu, na mtoto alichagua kulishika au kuliachilia. Wawira halazimiki kuniamini kwa lolote, anaangalia mwenyewe. Nikifikiria hivyo ninamwonea wivu, kisha ninamsikitikia, na sijui ni lipi zaidi.

Kabla hatujaondoka nilinunua kopo dogo la rangi nyeupe, nikaiandika nambari ile tena kwenye karakana. Baba hakuweza kuiona. Aliuliza nimeiandika wapi. Nikamwambia mlangoni, upande wa kushoto.

"Kushoto kwa aliye nje?" aliuliza.

"Kwa aliye ndani, Baba," nikamjibu.